Pikapu imepakwa lami chini: nikague nini kabla ya kununua?

SWALI: Nataka kununua Hilux Vigo ya dizeli, dabo kabini ya mwaka 2009, kutoka kwa mtu binafsi. Ilikuwa ikivuta boti ya kuvulia na kuingia mashamba yasiyo na barabara. Mwenyewe ameiosha chini na kuipaka lami mpya, asema ndiyo kinga ya chumvi. Fundi ameiunganisha na mashine ya kompyuta, hakuna kosa lililotokea, na injini yawaka mara moja. Nimlipe? – Msomaji, Mtwapa

JIBU: Usimlipe bado, ndugu yangu. Injini umeniandikia sana, na injini ndiyo isiyonishughulisha sana. Ikifa, zipo za kununua. Kilichonishtua ni boti. Kushusha boti majini, gari hurudishwa kinyumenyume mpaka trela izame. Kwa hiyo breki za nyuma, beringi, difu (gia zilizo katikati ya ekseli) na kipande cha mwisho cha chasisi vimekuwa vikioga maji ya bahari. Muulize nani alikuwa akivisuuza kwa maji yasiyo na chumvi jioni ile ile, na umtazame anavyojibu.

Sasa hiyo lami. Hili nalisema karibu kila siku na bado watu wanaletewa magari meusi tititi chini wakafurahi. Chasisi ya Hilux ina uwazi ndani, na kutu inayoua huanzia humo. Mchanga na chumvi huingia kwenye matundu, hukaa, hunyonya unyevu wa Pwani usiku na mchana. Lami iliyopakwa nje, juu ya kutu, haimgusi adui. Yafungia unyevu chini yake, na fundi mvivu huziba hata matundu ya kutolea maji. Ni kufukiza udi juu ya nguo chafu. Lami ina faida kwenye chuma kikavu kilichosuguliwa, gari likiwa bado jipya. Inayopakwa wiki ya kuuza ina kazi nyingine.

Chukua nyundo ndogo, bisibisi, tochi na glavu, ulale chini ya gari. Anza pale chasisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, kisha vishikio vya springi, kisha kila penye chuma cha kukingama kilichochomelewa. Gonga. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa, na lami hubonyea chini ya bisibisi. Halafu ingiza kidole kwenye tundu la chasisi ukwangue ndani. Vumbi jekundu kidogo si neno kwa gari la huku kwetu. Yakitoka magamba mapana, yaliyopandana tabaka kwa tabaka, inuka ujipanguse. Ukikuta bamba limechomelewa juu ya chasisi na kupakwa lami, inuka upesi zaidi, kwa sababu bamba zuri huchomelewa kwenye chuma kilichooza, na welda akishalipwa haonekani tena.

Najua utaambiwa Toyota haiozi. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilikubali kumaliza kesi Marekani kuhusu chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Chumvi haisomi nembo.

Na hiyo mashine ya kompyuta! Yasoma kile sensa zinachoiambia. Hakuna sensa ya kutu, hakuna sensa ya maji ndani ya difu, na makosa hufutwa kwa dakika chache kabla mnunuzi hajafika. Fundi anayekuja na mashine mkononi na nguo safi, akaondoka zikiwa bado safi, hajakagua kitu. Mara nyingi amepewa chake na dalali pia, kwa hiyo lete wako, umlipe wewe, na asijuane na muuzaji.

Difu ya nyuma legeza kizibo cha kujazia: oili iliyogeuka nyeupe-kijivu imeingiwa na maji. Four-wheel (magurudumu yote manne kuvuta) usiijaribu kwenye barabara kavu ya lami, utaikaza bure; nenda penye mchanga, tia H4, ile ya mwendo wa kawaida, kisha simama utie L4, ile ya nguvu na mwendo wa polepole, usikilize kama yashika au yaruka. Injini ifuate alfajiri, uishike kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, amekutangulia. Kwa dizeli ya Vigo uliza pete za shaba (washa) za chini ya nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zilibadilishwa lini. Zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba kichujio kilicho ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, injini ikakosa oili huku yaunguruma vizuri tu.

Nambari ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na tairi. Kama nayo imefunikwa lami, ikwanguliwe mbele yako, uilinganishe na logibuku tarakimu kwa tarakimu. Kisha fanya upekuzi wa gari wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen. Benki ikionekana kama mmiliki mwenza, deni bado halijafutwa kwenye rekodi, hata muuzaji aape vipi. Amana ya kushikia gari usitoe mpaka nyundo imepita.