Re: Laptop moja, wanafunzi 70, neti hakuna

Mwalimu pole, fizikia kidato cha pili na laptop moja bila bando si mchezo ila inawezekana. Ukifika mjini shusha simulesheni za PhET (majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta), ile ya saketi ni faili moja tu unaiweka kwenye flashi inafunguka kwenye brauza bila neti. Usiwaonyeshe tu, waulize kwanza "nikiongeza betri taa itafanyaje?" wabishane weee ndo ubonyeze. Projekta ikikosekana waje kwa makundi. Flashi iskani virusi kabla, na simu za wanafunzi usiziruhusu kabla hujaongea na mkuu wa shule, hiyo kesi utabaki nayo peke yako. Umeme wenu ukoje lakini? Kama unarukaruka muite fundi aangalie waya kwanza.