Ndege ikighairi kutua Dodoma, tulia na mkanda wako

Nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka saba, sasa hivi nina duka la vitenge hapa Dodoma, lakini watu hawajaniacha. Kila wiki lazima mtu aje, eti dada, juzi ndege yetu ilikuwa imebakiza kidogo iguse chini ikapaa tena, yule rubani alikuwa anajifunza au? Naomba nijibu hapa mara moja nipumzike.

Siku yangu mimi ilikuwa Januari, saa tisa alasiri, tunatoka Dar na pangaboi, zile ndege za mapanga, limejaa mpaka siti ya mwisho. Mnaijua Januari ya kwetu, asubuhi jua linachoma, mchana mawingu yanajikusanya kama yameitiwa kikao. Tulishakagua mikanda, nimekaa kwenye kile kiti chetu cha mbele kinachowaangalia abiria, kwa hiyo mbele sioni kitu naona nyuso zao tu, na kwa pembeni dirishani mabati yameshakaribia mpaka unaona nguo kwenye kamba. Mara ndege ikawa nyepesi, inaelea, kama haitaki kushuka vile. Kuna abiria walitabasamu. Mimi tumbo likakata, maana darasani tulishaambiwa huo wepesi huwa unafuatwa na nini. Hazikupita sekunde nyingi tukazama, ule mzamo wa kuacha roho juu, na hapohapo injini zikanguruma kwa nguvu zote pua ikainuka.

Hiyo ndiyo windishia. Upepo unabadilika kasi au mwelekeo ghafla ndani ya kipande kifupi cha anga. Watu wanaita shimo la hewa lakini hakuna shimo lolote pale. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya sementi uone, yanapiga chini halafu yanakimbilia pande zote, sasa hewa baridi inayoporomoka na mvua kutoka kwenye wingu la radi inafanya vilevile. Ndege ikiingia inakutana kwanza na upepo wa usoni, inanyanyuliwa, na rubani asiyeshtuka atapunguza moto wa injini akidhani ana kasi ya ziada. Mbele kidogo hewa inamkandamiza chini, akitokea upande wa pili upepo umeshageuka wa mgongoni, kasi inayoshikilia mbawa imekwisha na ardhi ndiyo ile pale. Ukiwa juu sana una nafasi ya kujirekebisha, ukiwa unatua huna. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya Delta, safari namba 191, ilikutana na kitu hichohicho ikienda kutua Dallas, watu 137 wakafariki, na baada ya hapo Marekani wakalazimisha mafunzo na vifaa vya kuigundua windishia. Kwa hiyo rubani anayepaa tena mapema hajashindwa kazi, ndiyo kazi yenyewe hiyo.

Sasa tukiwa tunapanda, jamaa wa dirishani akapiga kelele TAIRI ZIMEKWAMA! Pangaboi letu tairi unaziona kabisa pale chini ya injini, na kweli zilikuwa nje. Ndege nzima ikashika dini. Jamani hazikuwa zimekwama. Kwenye windishia marubani hawagusi tairi wala flapu, yale mabapa ya nyuma ya mbawa, mpaka watoke, kwa sababu ile milango ya tairi ikifunguka tu ili ziingie inaongeza kuburuzwa na hewa, na pale unatafuta kila tone la kupanda. Nilimwambia jamaa kwa sauti zitaingia zenyewe kaka, na zikaingia, lakini nadhani hakuniamini.

Kilichotesa watu zaidi ni ukimya. Kapteni hakusema neno, dakika kama nne hivi ambazo kwa abiria ni mwaka. Mama mmoja mtu mzima wa siti ya mbele, kamshika mjukuu, akaniuliza taratibu, mwanangu, mbona hawasemi kitu? Nikamwambia mama, wako kazini. Sikuwa na jibu lingine na mpaka leo ndilo jibu sahihi. Rubani kwanza anairusha ndege, pili anajua anaelekea wapi, kuongea kunakuja mwisho, na hapo ataanza na watu wa mnara wa kuongozea ndege kabla yako wewe. Ukisikia kimya usianze kuandika wosia kwenye simu.

Kaza mkanda, uwe chini kabisa kiunoni siyo tumboni, na ukaze kabla hujaambiwa. Siku ile tukiwa tunazunguka kusubiri wingu lipite, bosi mmoja akafungua mkanda akasimama afungue kabati la juu achukue laptopu, eti ana kikao saa kumi. Nilimfokea kutoka nilipokaa, bosi kaa chini! Alininunia mpaka mwisho wa safari, na aninunie tu, ile laptopu ingeweza kumwangukia yule mtoto.

Tulizunguka kama dakika ishirini. Mporomoko wenyewe mara nyingi ni wa dakika chache tu, kinachosubiriwa ni wingu lisogee, na mafuta ya kusubiri au kwenda uwanja mwingine yanapigiwa hesabu kabla hamjaruka. Mara ya pili tukatua kawaida kabisa, hata kahawa isingemwagika. Kapteni alipotoka shati lilikuwa limelowa mgongo mzima, yule mama akamwambia pole na kazi baba, wengine wote wanamuuliza mabegi.

Kwa hiyo ukiwa na jambo la saa maalum Dodoma msimu wa mvua, kata tiketi ya asubuhi, hayo mawingu kwa kawaida yanakomaa mchana. Dawa zako na maziwa ya mtoto viweke kwenye begi la chini ya siti, mnaweza kurudishwa Dar mkalala huko. Na kama moyo wako hauwezi kabisa, treni ya SGR ipo, mimi mwenyewe mzigo wa vitenge siku hizi naufuata nayo.