Alama ya Sawasawa Iliyogeuka Kutoa: Niliyojifunza Kuhusu Astigmatizimu ya Binti Yangu

Binti yangu alipokuwa darasa la pili, daftari lake la hisabati lilikuwa likirudi nyumbani limejaa wino mwekundu, nami, nasema kwa aibu, nilimkaripia kwa uzembe. Nilipomuuliza hesabu zilezile kwa mdomo alijibu bila kusita. Kasoro ilikuwa katika kunakili kutoka ubaoni. Alama ya sawasawa aliiandika kama alama ya kutoa, na alama ya kujumlisha mara nyingine ilibaki kijistari kilichosimama, kama namba 1.

Aliyenizindua ni mdogo wangu, siku tulipokuwa Mwanza tukisubiri kivuko cha kwenda Kamanga, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Alimwambia mtoto asome maandishi yaliyochorwa ubavuni mwa mtumbwi uliofungwa jirani, akamwona anafinya macho mpaka yakabaki upenyo mwembamba, huku ameinamisha kichwa upande. "Dada, huyu mtoto haoni," aliniambia. Tulipomuuliza mwenyewe, alijibu kwamba anaona vizuri kabisa, na hakuwa anadanganya: mtoto aliyezaliwa akiona ukungu hana kitu cha kulinganisha nao, kwa hiyo mzazi anayesubiri malalamiko atasubiri sana. Tazama badala yake kama anafinya macho, anainamisha kichwa, anayasugua macho kila mara au anaumwa kichwa baada ya masomo.

Konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, hutakiwa kuwa na mviringo unaolingana pande zote, kama mpira wa miguu. Kwa mwenye astigmatizimu, konea hubinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mfano wa mgongo wa kijiko, na wakati mwingine hitilafu huwa kwenye lenzi ya ndani ya jicho. Mwanga unaopita hapo haukutani katika nukta moja kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hivyo vitu huonekana vimefifia, vya mbali na hata vya karibu. Kwa binti yangu, mistari iliyosimama ilibaki dhahiri na iliyolala ndiyo iliyofifia, na hapo nikaelewa alama ya sawasawa ilivyopotelea ubaoni.

Kosa langu la pili lilikuwa kuharakisha. Nilimpeleka kwenye duka moja la miwani mjini, akapimwa kwa dakika chache, akapewa miwani ambayo aliivua kila nilipogeuka. Baadaye, katika kliniki ya macho ya hospitali, alitiwa kwanza matone ya kutanua mboni. Lenzi ya jicho la mtoto ina nguvu nyingi ya kujirekebisha, na isipolegezwa kwa matone hayo inaweza kupotosha vipimo. Ukienda, mchukulie kofia, kwa sababu mboni zikishatanuka mwanga wa jua, hasa ule unaometa juu ya maji ya ziwa, unamuumiza. Na usitarajie asome chochote siku hiyo.

Omba karatasi ya vipimo na uitunze. Utaona safu za SPH, CYL na AXIS. SPH ni nguvu ya lenzi kwa kutoona mbali au karibu, CYL ni kiasi cha astigmatizimu kwa dayopta (kizio cha nguvu ya lenzi), na AXIS ni mwelekeo wake, kuanzia nyuzi 1 hadi 180. Binti yangu ana -2.25 kwa mwelekeo wa 180. Wazazi wengi huuliza tu miwani ni "namba ngapi" na kuusahau mwelekeo, ilhali ndio unaotutesa nyumbani. Lenzi ya astigmatizimu ikizunguka nyuzi 10 tu kutoka mahali pake, takriban theluthi moja ya msaada wake hupotea. Ikifika nyuzi 30, ni kama haisaidii kitu. Ndiyo maana siku hizi sinunui fremu za duara kamili, ambazo lenzi huweza kuzunguka ndani yake bila mtu kugundua, na fremu ikipinda baada ya mchezo wa mapumziko naipeleka kunyooshwa siku hiyohiyo. Nimemfundisha kuivua kwa mikono miwili na kuisuuza kwa maji kabla ya kuifuta, maana pindo la kanga lenye vumbi hukwaruza lenzi.

Siku za mwanzo alisema sakafu imeinama. Sisi tunakaa mlimani, katikati ya mawe, na ngazi za kushukia barabarani hazilingani hata moja, kwa hiyo nilimshika mkono kwa karibu wiki nzima hadi ubongo wake ulipozoea. Bibi yake aliona huo ndio ushahidi kwamba miwani inaharibu macho. Haiharibu, wala karoti haiwezi kunyoosha konea, ingawa sikumkataza mama mkwe kuzinunua.

Kusugua macho ndiko ninakokupiga vita kweli, kwa sababu kiangazi vumbi humwasha. Mzio wa macho una dawa, na kusugua kwa miaka mingi kunahusishwa na konea kuwa nyembamba na kuchongoka, ugonjwa uitwao keratokonasi, ambao miwani ya kawaida inaweza kushindwa kuurekebisha.

Hata baada ya kupata miwani sahihi, jicho lake la kushoto liliendelea kusoma mistari michache kuliko la kulia. Daktari alieleza kwamba ubongo ulizoea kulipuuza, akaagiza jicho la kulia, lile lenye nguvu, lizibwe kwa saa mbili kila siku. Tiba hiyo ya jicho vivu hufanikiwa zaidi mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka 7 au 8, na sisi tuliiwahi dakika za mwisho. Kwa kuwa tatizo hili mara nyingi hufuata ukoo, mdogo wake wa miaka 4 tumempeleka bila kusubiri aanze shule. Herufi hazijui, lakini alipimwa kwa chati ya picha, akazitaja zote isipokuwa za safu ya mwisho, na tumeambiwa tumrudishe baada ya miezi 6.