Kipande cha Halua Baada ya Alasiri

Wiki hii jarida limetuuliza: ni kitu gani kidogo cha kula ambacho hukubali kukiacha, na unapokila moyo wako unasemaje? Jibu langu ni halua. Halua ya hapa kwetu Unguja, iliyoiva ikawa nyekundu ya kukaribia weusi, yenye iliki na zafarani na lozi, kipande cha kidole gumba, kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na kahawa chungu pembeni. Moyo wangu unasema alhamdulillahi.

Ningeishia hapo, ila mimi ni mtu niliyekatwa tumbo ili nipungue uzito, na nikilisema hilo mbele za watu halua yangu hugeuka kesi. Kwa hiyo nitaeleza kwa urefu, hasa kwa ajili ya wenzangu waliopita njia hii au wanaoifikiria.

Miaka minne nyuma nilipanda boti kwenda Dar es Salaam nikiwa na kilo 118. Kimo changu ni sentimita 160. Ukipiga hesabu ya uzito na kimo kama wanavyoipiga hospitali unapata 46, na wao unene wanauhesabu kuanzia 30. Presha nilikuwa nayo. Magoti yalikuwa yakiniuma kwa ngazi tatu tu. Vipimo vya sukari vilikuwa vimeanza kupanda, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani, kwa sababu marehemu baba alikatwa mguu kwa sukari, na kidonda chake nilikuwa nikikiosha mimi, asubuhi na jioni, mpaka alipofariki. Sikutaka binti yangu aje alishike beseni lile.

Upasuaji niliofanyiwa unaitwa sliivu. Wanapita kwenye matundu madogo, wanaondoa robo tatu ya tumbo au zaidi ya hapo, na linalobaki ni jembamba na refu kama ndizi, chakula cha kikombe kidogo kinalijaza. Kilichotolewa hakirudishwi. Sehemu ile inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini, na miezi ya mwanzo nilikuwa nasahau kula kabisa mpaka mume wangu ananikumbusha. Majuma mawili nilikunywa supu ya kuku iliyochujwa na maziwa, kijiko kwa kijiko. Vikafuata vya kusagwa, vikafuata vilaini, na ulipopita kama mwezi mmoja na nusu nikaanza kutafuna kama watu. Mpaka leo naanza na samaki au yai au maharage, ili nitimize walau gramu 60 za protini kwa siku, la sivyo mwili unapungua misuli badala ya mafuta. Sinywi maji pamoja na chakula, nasubiri nusu saa. Vidonge vya vitamini na kalsiamu nitavimeza maisha yangu yote.

Hayo ni ya hospitali, na mwenye kuyahitaji atafundishwa huko. Lililonishinda kwa muda mrefu ni macho ya watu, na baadaye macho yangu mwenyewe.

Kwetu chakula ni mapenzi. Ukienda shughulini, ukala vijiko vinne vya pilau ukaweka sahani chini, mwenye shughuli anakuja na uso umembadilika: "Mbona huli, shoga, tumekukosea nini?" Unamwambia umeshiba, haamini. Wengine wakiona ulivyopungua wananong'ona ugonjwa. Basi watu walewale, ukinyoosha mkono kwenye kitamu, wanageuka. Wifi yangu, ambaye nampenda na ananipenda, aliniona siku ya Idi nimeshika kipande cha halua, akasema mbele ya ukumbi mzima: "Eh! Na pesa zote zile za kukatwa tumbo, bado halua?" Nilikirudisha. Nikasema nilikuwa nampelekea mtoto. Nikaenda msalani nikalia.

Nililia kwa sababu aibu ile niliijua. Ndiyo iliyonifikisha kilo 118.

Zamani, mchana, nilikuwa mtu wa kukataa. Ofisini wakileta visheti nasema sili sukari. Nyumbani nakula mchicha na chapati nusu, kila mtu anaona. Usiku, watu wakishalala, nasimama jikoni bila kuwasha taa, mlango wa friji uko wazi, nachota halua kwa vidole kutoka kwenye kikapu chake cha ukili, haraka haraka, sikio liko mlangoni. Nusu kilo ilikuwa inakwisha, na ungeniuliza ladha yake nisingeweza kukueleza. Sikuwa naionja. Nilikuwa naificha, na mahali pa kuificha palikuwa tumboni.

Sasa nikakatwa tumbo, lakini kujificha hakukukatwa. Mwezi wa tano baada ya upasuaji, mwezi wa Ramadhani, jirani alileta bakuli la kaimati, shira bado ya moto. Mbele ya familia sikugusa. Walipokwenda tarawehe nilichukua tano nikaingia nazo chumbani, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikazimeza karibu bila kutafuna. Hazikupita dakika ishirini. Moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitiririka, kichwa kikazunguka, tumbo likanisokota mpaka nikalala sakafuni nikiwa nimekumbatia mto. Nilidhani nakufa, na wazo lililonijia, wallahi, ni kwamba watanikuta na bakuli.

Wenyewe wanaiita dampingi. Sukari nyingi ikiteremka kwa kasi kutoka kwenye tumbo dogo hadi utumbo, utumbo unavuta maji kwa ghafla na mwili mzima unataharuki. Inawapata zaidi waliofanyiwa baipasi, ile ya kuunganisha utumbo upya, lakini na sisi wa sliivu inatufika.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa lishe nikiwa nimejiandaa kugombwa. Dada yule, kijana tu, hakuniuliza nilikula nini. Aliuliza, "Ulikula wapi, dada yangu? Na ulikula na nani?" Nikanyamaza. Nikamwambia chumbani, peke yangu, nimefunga mlango. Akaniambia kaimati tano kwa tumbo dogo ni kosa la hesabu, hilo litasahihishwa. Lakini ule mlango, akasema, nikiendelea kuufunga basi nitaurudisha uzito wangu wote. Akanitaka nichague kitamu kimoja ninachokipenda kwa kweli, si vyote, nikile mchana, nimekaa, mbele ya mtu, nikishakula chakula changu. Na nisikiite kosa.

Nilichagua halua, na nilipoichagua ndipo nilipomkumbuka bibi.

Bibi yangu alikula halua maisha yake yote na hakuwahi kunenepa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwona alasiri ameketi kwenye mkeka, kikombe cha kahawa kile kidogo kisicho na mkono, na kisahani chenye halua ya kuwatosha watu wanne. Anamega ncha ya kidole, anaweka ulimini, anafumba mdomo, anaongea na wageni wake, kisha fundo la kahawa. Kahawa chungu ndiyo iliyokuwa ikihitaji kitamu, na ilihitaji kidogo. Nenda leo kwenye baraza lolote la Mji Mkongwe utawaona wazee wanavyokula halua au kashata: mtu anachukua kipande, anasukuma sahani kwa mwenzake. Sijapata kumwona mzee akijaza sahani ya halua. Mtu anasimama kwenye sufuria kubwa ya shaba akiikoroga kwa saa nyingi, wanga na sukari na samli, mkono haupumziki, na kitu cha kazi namna ile wenyewe walikijua kuwa ni cha kuonja. Kipimo kilikuwa ndani ya desturi. Sisi ndio tuliochukua kikapu kizima tukakiweka kwenye friji na tukala peke yetu usiku.

Nakiri hili lilinigusa kuliko ushauri wowote wa kitabibu. Kumbe sikutakiwa kujifunza kula kama mgonjwa. Nilitakiwa nirudi kula kama bibi.

Basi Ijumaa yangu iko hivi. Mchana nakula samaki wa kuchoma au wa kupaka, mchicha, wali vijiko vitatu. Saa kumi nikishasali nakwenda kwa mama, mtaa wa pili. Nimepita dukani nikapimiwa robo kilo, na robo hiyo ni ya nyumba nzima, watu saba au wanane, haibaki mpaka usiku. Nakata changu kwa kisu, naweka kwenye kisahani. Naanza kuisikia iliki, halafu samli, halafu ile lozi iliyolainika inayokataa kidogo chini ya jino. Kipande kile kinanichukua karibu dakika ishirini. Sijawahi kuifaidi halua namna hii nilipokuwa naila kwa nusu kilo. Nikimaliza nimemaliza, simwombi mtu msamaha, wala kesho yake sifungi kula ili kufidia. Kufidia ndiko kulikokuwa kunanirudisha jikoni usiku.

Nina mambo mawili ya kuwaambia wenzangu bila kuwaficha, maana sitaki mtu asome hapa akajidhuru. Tumbo dogo halikulindi na kila kitu. Nyama inakusimamisha kwenye tonge la nne, ugali unakusimamisha hata kabla. Lakini halua, aiskrimu, biskuti zilizolowekwa kwenye chai, krispi, vyote hivi vinateleza. Unaweza kula saa nzima na tumbo lisikuambie basi. Ndiyo maana hainilalii nyumbani, na ndiyo maana nakula na watu. Na mwenye sukari iliyokwisha kuwa ugonjwa, au aliyefanyiwa baipasi, asikate kipande kwa kuiga mimi. Aulize kwanza kwa wanaomtibu. Shoga yangu mmoja tuliyefanyiwa mwaka mmoja ameacha tamu kabisa, anasema kwake kipande kimoja kinafungua kumi, na starehe yake ni pweza wa Forodhani. Namheshimu sana kwa kujijua. Hajawahi kunitazama vibaya kisahani changu, nami sijawahi kumwambia "onja kidogo tu".

Mwaka jana mizani ilinipa hofu. Nilikuwa nimeshuka hadi kilo 76, nikapanda nikafika 79. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba baada ya mwaka wa pili wengi hurudisha kidogo, lakini kuambiwa si sawa na kuona namba. Nikasema moja kwa moja: ni halua. Nikaiacha wiki sita. Uzito haukushuka hata robo. Nikakaa na daftari nikaandika kila kilichopita mdomoni mwangu kwa siku kumi, na nikakuta juisi ya ukwaju. Joto la kaskazi lilipoanza nilikuwa natengeneza jagi kila siku, natia sukari bila kupima, nakunywa mchana kutwa, na sikuwa nimeihesabu kwa sababu haikuwa na jina baya. Halua ilikuwa na jina baya kwa hiyo ndiyo iliyohukumiwa. Nimeacha sukari kwenye juisi, nimekaa kwenye 78, na halua nimeirudisha Ijumaa yake.

Hili nalirudia kwa sababu linanikera bado. Wiki sita nilijinyima kitu nilichokuwa nakila kwa adabu, na chanzo chenyewe kilikuwa mezani kila siku. Nilikuwa nimelifuata lawama linakoelekeza kidole, sikufuata hesabu.

Na wifi yangu? Alirudi kulisema tena, Idi iliyofuata, "bado halua?", kwa sauti ileile. Safari hii nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kisahani mapajani. Nikamwambia, "Ndiyo wifi, hii ni ya leo, na ni hii tu. Kaa nami." Alisimama kidogo. Kisha akavuta kiti akakaa, nami nikamsimulia habari za marehemu baba yangu, jinsi alivyokuwa akificha halua chini ya kitanda alipokatazwa na daktari, na sisi watoto wake tukiona sisimizi wakifuatana kuelekea kule, tukanyamaza kwa kumwonea huruma. Hatukuwahi kulisema jambo hilo kwa sauti, miaka yote ile. Wifi alilia kidogo. Na mimi pia.

Mama sasa ana miaka sabini na kitu, na macho yamepungua. Ijumaa iliyopita alichukua kisu mwenyewe akasema leo anakata yeye. Akanipa kipande, nikamwambia mama, hiki kikubwa. Akakipapasa kwa kidole, akakata nusu, akala ile nusu palepale, akanimiminia kahawa.