Mama mkwe hajakunyang'anya mume

*Shangazi, mume wangu ni fundi seremala, ana miaka 41. Anakunywa pombe kali kila siku, asubuhi hashiki hata penseli mpaka azimue. Mwezi uliopita nilimfungia chumbani ili aache. Siku ya pili akatetemeka, akasema siafu wamejaa ukutani, kisha akaanguka na kukakamaa. Mama yake akavunja mlango, akampeleka hospitali, akalazwa siku sita. Sasa yuko kwa mama yake, anamezeshwa vidonge kama mtoto. Ananidekezea mume! Mimi nimepata unga sokoni wa kumtilia kwenye chai bila yeye kujua, atapike aichukie pombe. Nifanyeje arudi? Kumfuata siwezi, grosari yangu ya hapa nyumbani inanibana.*
*Mama wa Wawili, Morogoro*

Mwanangu, pole. Kuishi na mlevi ni kulala jicho moja wazi. Sasa nisikilize.

Grosari umeitaja mwishoni kabisa, kama jambo dogo. Mumeo alikuwa akilala hatua chache kutoka kwenye friji ya bia, na mwenye friji ni wewe. Zile za kuzimua asubuhi alikuwa akizitoa wapi? Hilo hukuliandika, na mimi nimeliona.

Kilichompata chumbani si jini wala jeuri. Ni arosto. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukikatiwa ghafla, hupagawa: mikono hutetemeka ndani ya saa chache, degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na mtu huona vitu visivyokuwepo. Arosto ya pombe huua. Mlango ule ungebaki umefungwa, huenda leo ungeniandikia ukiwa eda.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mama mkwe, na sioni haya kusema. Hospitali humpa mgonjwa kama yeye dawa za jamii ya diazepam, dozi ikipunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, maana pombe huimaliza mwilini na ubongo ukaharibika. Hayo ndiyo matibabu. Mama anayesimama na glasi ya maji mpaka kidonge kimezwe hadekezi mtu.

Na unga huo umwage leo, chooni. Hujui ni kitu gani. Ipo dawa ya kweli inayomtapisha anayekunywa pombe, disulfiram, lakini hupewa mtu aliyeridhia mwenyewe, asiyegusa pombe kwa angalau saa 12, na daktari awe amemwangalia moyo na ini. Ukimtilia kwa siri, akapita kilabuni, moyo utakwenda mbio, presha itashuka, utazika. Ipo pia naltrexone, hiyo hupunguza hamu. Kaulizeni kliniki.

Ndoa za siku hizi, kila tatizo linatafutiwa unga! Mume hatulii, unga. Mume hana upendo, unga. Kumkalisha mtu na kumwambia "baba fulani, unaumwa, twende tukatibiwe" ndiko kumekuwa kugumu kuliko kumvizia na kikombe cha chai. Mficha maradhi kilio humfichua, na nyinyi mmeficha miaka.

Akirudia kunywa baada ya miezi mitatu, usimtukane. Ugonjwa huu hurudi, na mtu hurudishwa kliniki. Ikizidi, hospitali ya afya ya akili ya Mirembe ipo hapo Dodoma, na haipokei vichaa tu kama watu wanavyosema.

Ila kwanza toa friji hiyo nyumbani. Uza vitenge, uza mkaa. Kisha Jumamosi nenda kwa mama mkwe, usiende mikono mitupu, mwamkie, umwombe radhi kwa mlango ule. Muulize tarehe ya kliniki ijayo, na siku hiyo mwende watatu.