Sahibu yangu kafia Tanga, mimi niko Dodoma: je, bado ni msafiri?

SWALI

Assalaamu alaykum, shekhe. Mimi ni kijana wa Tanga. Nilihamia Dodoma miezi minne iliyopita baada ya kupata ajira ya kudumu. Sijamaliza hata miezi miwili huku, sahibu yangu akafariki kwa homa ya siku tatu tu. Tulianza chuo cha Qur'ani pamoja tangu alifu na bee, na jioni kituo chetu kilikuwa Raskazone, tunakaa pale mpaka Magharibi. Nauli ya kuja huku na kodi ya chumba nilikopa kwake, Sh 200,000, na sijazirudisha. Ameacha mama, mke na mtoto wa miaka mitatu.

Habari ilinifikia asubuhi, nikapanda basi. Nilipofika stendi ya Msamvu, Morogoro, nikapigiwa simu kwamba wameshazika. Nikashuka, nikapanda gari la kurudi Dodoma. Jambo hilo linanitafuna mpaka leo. Mji huu sijauzoea, na sala za rakaa nne nazipunguza kuwa mbili tangu nifike kwa sababu moyoni najiona msafiri tu. Wenzangu wa kazini wananialika chakula, lakini nikicheka nao naona kama nimemsaliti. Mmoja wao ameniambia kumlilia maiti baada ya siku tatu ni haramu. Usiku nasikiliza sauti zake alizonitumia kwa WhatsApp. Na zile pesa nimefikiria nimtolee sadaka. Naomba uniongoze.

JIBU

Wa alaykumus-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. A'dhamallahu ajrak, wa ahsana azaak, wa ghafara limayyitik. Mwenyezi Mungu akukuzie ujira wako, akupe liwazo lililo jema na amsamehe maiti wako.

Nimeanza na maneno ya kuhani kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili na sikuona humo kwamba kuna mtu amekuhani. Pole hupewa mama, mke na ndugu. Rafiki hutumwa kukodi viti, na rafiki aliye mkoa mwingine hata viti hakodi. Basi pokea hizo zangu, ingawa zimechelewa.

Mwenzako wa kazini amesikia hadithi ya kweli akaiweka mahali pasipo pake. Siku tatu zimetajwa katika hadithi ya Ummu Habiba, mke wa Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, na mazungumzo pale ni juu ya mwanamke kuacha kujipamba kwa ajili ya maiti. Kwa asiyekuwa mumewe, mwisho ni siku tatu. Kwa mumewe ni miezi minne na siku kumi. Hapo pana hukumu ya mavazi na manukato. Moyo haukuwekewa kalenda. Nabii Yaaqub alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani imemsimulia kwa kumsifu. Tulichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo na kusema maneno ya kumlaumu Mola.

Mtume (s.a.w.) alipokuwa na mwanawe Ibrahim anakata roho, macho yake yalibubujika machozi. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akastaajabu: "Hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu?" Akamjibu: "Ewe Ibn Auf, hii ni rehema." Kisha akasema kwamba jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Huyu Ibn Auf mshike vizuri, nitamrudia.

Sasa Msamvu. Kuosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza, wakiifanya baadhi imewaondokea wengine. Waislamu wa Tanga wameifanya, na wewe huna dhambi. Nao hawakukudhulumu kwa kutokukungoja, kwani kuharakisha jeneza ndiyo sunna. Kugeuza gari pale stendi hakukuwa dhambi pia. Ila naona kulikuacha na jambo lisilokamilika, na ndilo linalokutafuna: hukumsalia sahibu yako, wala hukuonana na mama yake. Yote mawili bado yanawezekana, na hapa fikihi ina huruma kuliko tunavyoidhania.

Kumsalia: Mtume (s.a.w.) alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, naye yuko Madina. Alipanga watu safu akaleta takbira nne. Kwa hadithi hiyo, madhehebu yetu ya Shafii, na Hanbali pia, yameruhusu kumsalia maiti aliye mji mwingine. Wahanafi na Wamaliki hawaoni hivyo, kwa hiyo usigombane na mtu msikitini akikuuliza umeitoa wapi. Kwa Mashafii, kupita miezi miwili hakukuzuii, kwa kuwa siku aliyofariki ulikuwa tayari mtu mzima unayewajibika kusali. Tia udhu, elekea kibla, nuia kumsalia fulani bin fulani aliyeghibu, yaani asiyekuwapo mbele yako. Takbira ya kwanza soma Fatiha, ya pili msalie Mtume, ya tatu muombee sahibu yako, ya nne omba tena kisha toa salamu. Hata ukiwa peke yako chumbani inatosha. Fanya leo usiku kabla hujafungua simu.

Na kumhani mama yake: umechelewa? Wanazuoni wetu wamesema taazia ni siku tatu, na baada ya hapo inachukiza kwa kuwa inamfufulia mtu machungu. Lakini Imamu Nawawi ameeleza kwamba aliyekuwa mbali wakati wa maziko yeye huhani anapofika, hata siku tatu zikiwa zimepita. Mlango huo uliachwa wazi kwa watu kama wewe. Piga simu kwanza, halafu likizo yako ya kwanza nenda. Usiogope kwamba utamliza. Baada ya Mtume kufariki, Abubakar na Umar walikwenda kumtembelea Ummu Ayman, bibi aliyemlea, kwa sababu Mtume mwenyewe alikuwa akimtembelea. Walipofika akalia, nao wakalia pamoja naye. Muslim ameipokea hivyo, na haikusemwa kwamba walikosea kwenda.

Kuhusu ile laki mbili, hapa nitakuwa mkali kidogo. Usiitoe sadaka. Si mali yako, na mtu hatoi sadaka mali ya mwenzake. Deni ulilokuwa unadaiwa na marehemu limeingia katika mali aliyoiacha. Mali hiyo hutolewa kwanza gharama za maziko na madeni yake, kisha wasia kama upo, kinachobaki ni cha warithi. Mmoja wa warithi ana miaka mitatu, naye ni yatima. Hata mjane akikuambia "tumekusamehe, mtolee sadaka", anaweza kusamehe fungu lake yeye tu. La mtoto halisameheki na mtu mwingine. Mpelekee anayesimamia mirathi, umwambie ni deni, na awepo mtu wa tatu anayesikia. Huna zote? Sema hivyo, mpatane kwa mwezi unalipa ngapi. Inawezekana hakuna aliyejua habari za mkopo huo isipokuwa yeye na wewe, na hilo ndilo linalolifanya kuwa zito zaidi.

Ukitaka kumtolea sadaka, toa kwa mfuko wako. Saad bin Ubada mama yake alifariki yeye akiwa hayupo, kama wewe. Aliporudi akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo, akaitoa bustani yake iliyoitwa Mikhraf. Wewe huna bustani. Ndoo za maji kwenye msikiti wa mtaani kwako, katika mji wenye kiu kama Dodoma, si kitu kidogo.

Nije kwenye sala, kwani kwa maoni yangu barua yako yote imejikunja hapo.

Wewe si msafiri. Katika madhehebu yetu, anayefika mahali akanuia kukaa siku nne kamili, ukiacha siku ya kuingia na ya kutoka, rukhsa ya safari imemwisha. Wewe umesaini ajira ya kudumu na umelipa kodi ya chumba. Yapo maneno ya wanazuoni wengine wanaoitazama safari kwa desturi za watu badala ya kuhesabu siku, lakini hata kwa desturi, nani atamwita msafiri mtu mwenye jiko lake na ufunguo wake mfukoni? Adhuhuri, Alasiri na Isha unazisali rakaa nne nne. Ijumaa ni wajibu juu yako. Siku ukipanda basi kwenda Tanga, ukishatoka mjini, njiani kote punguza, mpaka Chalinze, mpaka Segera.

Zile ulizozipunguza, kwa madhehebu yetu zinarudiwa. Wapo wanazuoni wanaomsamehe aliyefanya kwa kutojua, nami simkatishi tamaa mtu anayewafuata, ila ushauri wangu ni uzilipe ili moyo utulie. Miezi minne ni kama siku 120, kila siku sala tatu, kwa hiyo zinakaribia 360. Usizibebe kwa mkupuo. Kila ukimaliza Adhuhuri, sali Adhuhuri moja ya kadha, na Alasiri na Isha vivyo hivyo. Baada ya miezi minne mingine umemaliza.

Lakini nakuuliza swali kijana wangu, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Ulipunguza sala kwa sababu hukujua hukumu, au kwa sababu kusali rakaa nne ni kukiri kwamba unaishi Dodoma, na kwamba yeye hayupo tena Raskazone anakungoja? Mimi nilipopelekwa kufundisha bara nikiwa kijana, begi langu lilikaa mwaka mzima chini ya kitanda sijalifungua lote. Kwa hiyo sikucheki.

Masahaba nao walilipata hili. Walipohamia Madina, Abubakar na Bilal walishikwa na homa, Bibi Aisha akaenda kuwajulia hali. Bilal homa ikimwachia kidogo alikuwa akipaza sauti kwa mashairi, akitamani japo usiku mmoja alale katika bonde la Makka, azungukwe na majani ya kule, anywe maji ya Majanna, na milima ya Shama na Tafil imtokee machoni. Tazama alivyotaja majina: maji kwa jina lake, milima kwa majina yake. Wewe umetaja Raskazone. Bibi Aisha akampelekea habari Mtume (s.a.w.), naye Mtume hakusema "mwambieni Bilal aache kulia Makka, hii ndiyo hijra." Alinyanyua dua: "Ewe Mola, tupendezeshee Madina kama tunavyoipenda Makka, au zaidi," akaiombea afya, akaiombea baraka katika pishi na kibaba chake, yaani vipimo vya chakula. Hakuomba Makka itoke mioyoni mwao. Makka aliiacha pale ilipo, akaomba Madina iongezewe. Dua hiyo ichukue kama ilivyo, utie Dodoma na Tanga mahali pake, na hiyo baraka ya pishi uiombe hasa, maana kodi za huko nazisikia.

Sasa Ibn Auf. Abdurrahman aliingia Madina hana kitu. Mtume akamuunganisha udugu na Saad bin Rabii, Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, akasema: nionyesheni soko. Akaanza kuuza jibini na samli katika soko la Banu Qainuqaa. Haukupita muda akaoa, na Mtume akamwambia afanye walima, karamu ya harusi, japo kwa mbuzi mmoja. Huyo ni mtu aliyekaa mjini akakaa kweli: akajua njia za soko, akala na wenyeji, na bila shaka akacheka nao.

Halafu siku moja, miaka imepita na mali imekuwa nyingi, alikuwa amefunga, akaletewa chakula cha kufuturu. Akasema: Mus'ab bin Umair aliuawa, naye ni mbora kuliko mimi, alikafiniwa kwa shuka moja, kikifunikwa kichwa miguu inatoka nje, ikifunikwa miguu kichwa kinatoka nje. Akalia mpaka akakiacha chakula. Mus'ab aliuawa Uhud, mwaka wa tatu wa hijra. Yule yule aliyeyastaajabia machozi ya Mtume, chakula kikamshinda kwa kumkumbuka rafiki. Soko, ndoa, walima na utajiri havikumfuta Mus'ab. Basi wewe sahani moja ya wali na wenzako wa kazini itamfutaje huyo wako? Nenda ukale. Ukicheka, cheka. Likikujia la kulia katikati ya chakula, lia, na uwaambie kwa nini, wapate nao kumuombea. Huenda wanakualika kwa sababu wameuona uso wako.

Zile sauti za WhatsApp si haramu. Ila kama zinakunyima usingizi mpaka Alfajiri inakupita, zihamishie mahali usipopafikia kila usiku, usizifute. Na kama umefikia kutokula, kutolala wiki nzima, au kutamani nawe ufe, nenda kwa daktari mapema. Mtume ametuamrisha tujitibu. Uko mji wenye hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili. Najua watu wakisikia jina hilo hucheka, wewe usijali kicheko chao. Bibi Aisha nyumba yake ikifikwa na msiba alikuwa akipika talbina, uji wa shayiri, na kuwapa wafiwa, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Hata huzuni ilitafutiwa sufuria.

Ukishindwa kupata hesabu ya sala, niandikie tena unitajie tarehe uliyoingia Dodoma na tarehe uliyosaini mkataba, tuhesabu pamoja. Na jina la sahibu yako na la baba yake nitumie pia, Ijumaa hii tumuombee darsani.

Wallahu aalam.