Usalama wa wasafishaji wa taka hatarishi: maswali na majibu

Swali: Ni kozi ipi fupi kuliko zote inayotoa cheti cha kusafisha taka hatarishi, na je, ninaweza kuimaliza yote kwa simu?

Jibu: Swali hili huja kila mara, na karibu kila mara muulizaji hataji kazi anayokwenda kuifanya, ilhali hilo ndilo linaloamua jibu. Kanuni ya Marekani, ambayo wakufunzi wengi huifuata hata nje ya nchi hiyo, iliagizwa na sheria ya mwaka 1986 na ikaanza kutumika mwaka 1990, nayo hupanga muda kulingana na hatari. Mfanyakazi wa kawaida katika eneo lililochafuliwa hutakiwa kupata saa 40 za mafunzo nje ya eneo hilo, kisha siku 3 za kazi chini ya jicho la msimamizi mwenye ujuzi. Anayeingia mara mojamoja kwa kazi mahususi, kwa mfano kupima maji ya ardhini, na ambaye hatarajiwi kukutana na sumu inayozidi viwango vinavyoruhusiwa, hutakiwa kupata saa 24 na siku 1. Wauza kozi huzitangaza saa kwa herufi kubwa na kuzinyamazia siku, ingawa ni katika siku hizo ambapo mtu hugundua kwamba barakoa yake inavuja shavuni au kwamba hawezi kufunga vali akiwa amevaa glavu mbili kwa pamoja.

Nadharia unaweza kuisoma kwa simu. Hata hivyo, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, imekwisha kueleza kwamba mafunzo ya kompyuta peke yake hayatoshi pasipo mazoezi ya vitendo na mkufunzi anayeweza kuulizwa maswali. Mwajiri anayetaka cheti tu, bila kujali ulichokifanya ili kukipata, anatafuta karatasi ya kumwonyesha mkaguzi.

Swali: Nina uzoefu wa miaka mingi. Kwa nini nirudie mafunzo kila mwaka?

Jibu: Kwa sababu uzoefu hufundisha pia njia za mkato. Kanuni niliyoitaja hudai saa 8 kwa mwaka, nazo zitumike kuchambua ajali na hitilafu zilizotokea kazini kwenu, si kuonyeshwa tena slaidi zilezile.

Swali: Je, ndevu fupi zinaruhusiwa kwa anayevaa barakoa inayobana uso?

Jibu: Hapana. Nyoa, na tafadhali msiniandikie tena kuhusu kupaka ndevu mafuta ili barakoa ishike.

Swali: Msimamizi wetu anasema barakoa ya katriji, yaani yenye kopo la kuchuja hewa, inatosha maadamu hatusikii harufu yoyote. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, na ningependa kujua huyo msimamizi alifunzwa wapi, kwa kuwa kanuni humtaka yeye awe na mafunzo yote ya anaowasimamia, kisha aongeze saa 8 za usimamizi. Katriji huchuja gesi au mvuke ambao iliundiwa kuuchuja, haitengenezi oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya asilimia 20.9 hivi, na ikishuka chini ya asilimia 19.5 hakuna katriji itakayokufaa, bali utahitaji hewa ya mtungi au inayoletwa kwa bomba kutoka nje. Ndiyo maana kipimo cha kwanza huwa cha oksijeni, hasa kwa vile vihisi vingi vya gesi zinazowaka hutoa majibu yasiyo sahihi pale oksijeni inapopungua. Baada yake hupimwa gesi zinazoweza kulipuka, na mwisho zile zenye sumu.

Ama pua, haiaminiki hata kidogo. Haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai viza ikiwa kidogo sana, lakini inapofikia takribani sehemu 100 katika milioni hulemaza uwezo wa kunusa, hivyo mfanyakazi hudhani gesi imetawanyika wakati imeongezeka. Kaboni monoksidi haina harufu kabisa. Kwa hiyo katriji hubadilishwa kwa ratiba iliyokokotolewa kutokana na aina ya kemikali, kiwango chake, unyevu wa hewa na uzito wa kazi. Mwombe msimamizi akuonyeshe vipimo vya asubuhi vilivyoandikwa. Kama hana, basi hakuchagua katriji hiyo kwa msingi wowote.

Swali: Basi kwa nini tusivae suti nzito kuliko zote kila siku, tuwe salama?

Jibu: Kwa sababu suti nayo huua. Ndani ya suti iliyofungika kabisa jasho halikauki, joto la mwili hupanda, macho huona sehemu ndogo tu, na mtungi ulioandikwa dakika 30 huisha mapema kwa mtu anayebeba vitu vizito. Mtu aliyezidiwa na joto huanza kuchanganyikiwa bila mwenyewe kujua, ndiyo sababu hakuna anayeingia peke yake na kila mmoja hufundishwa kumsoma mwenzake. Ngazi nne za mavazi ya kinga zipo ili zichaguliwe kulingana na vipimo.

Swali: Tumekuta mapipa ya zamani yasiyo na lebo. Tuyafungue tujue yana nini?

Jibu: Msiyaguse. Pipa lisilo na lebo huhesabiwa kuwa na kitu hatari mpaka kilichomo kitambuliwe kwa hakika. Pipa lililovimba lina shinikizo, na lenye fuwele kwenye kizibo linaweza kulipuka kwa kuzungushwa tu, kwa kuwa baadhi ya viyeyusho vinapokaa muda mrefu huunda peroksaidi, kemikali zinazolipuka kwa urahisi. Msiyakusanye pamoja pia kwa nia ya kupanga eneo vizuri, maana asidi inayovuja ikikutana na sayanidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Kufungua ni kazi ya waliofunzwa hiyo hasa, wenye zana zisizotoa cheche na, inapowezekana, wakiwa mbali nyuma ya kizuizi.

Swali: Kampuni iliyotuajiri ina kibali halali. Je, hiyo si dhamana ya kutosha?

Jibu: Hapana. Mwezi Agosti mwaka 2006, taka za sumu za meli Probo Koala zilimwagwa sehemu mbalimbali za Abidjan, Kodivaa, na mkandarasi aliyekuwa na kibali lakini asiye na uwezo wa kuzishughulikia, na makumi ya maelfu ya watu walikwenda kutafuta matibabu.

Swali: Glavu zipi ni bora kwa kemikali zote?

Jibu: Hakuna. Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki, kemikali ya zebaki yenye sumu kali, juu ya glavu za mpira wa lateksi mwaka 1996, akafariki mwaka 1997. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu za aina hiyo kwa sekunde chache tu. Someni jedwali la mtengenezaji linaloonyesha muda wa kila kemikali kupenya, na kama kemikali yenu haimo, msikisie.

Swali: Je, mafunzo hutufundisha kumwokoa mwenzetu aliyeanguka ndani ya tangi?

Jibu: Yakiwa mafunzo ya kweli, hukufundisha kwanza kutoingia. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitahadharisha mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika sehemu zilizofungika ni wale walioingia kuokoa wengine. Anayeingia huvaa mkanda wa mwili wenye kamba tangu mwanzo, kamba hiyo huunganishwa na winchi iliyosimamishwa juu ya mdomo wa tangi, na mlinzi wa nje haondoki hapo kwa sababu yoyote. Zoezi hili lifanywe kwa mwanasesere mwenye uzito wa mtu, tena mara nyingi, kwa kuwa ni vigumu mno kumzuia mtu asimfuate rafiki yake. Na asiwepo wa kufungulia mtungi wa oksijeni ndani ya tangi akidhani anasaidia, kwani oksijeni ikizidi, cheche ndogo huwasha nguo.

Swali: Naweza kufulia ovaroli yangu nyumbani?

Jibu: Hapana. Vumbi la risasi limewahi kuwadhuru watoto wa wafanyakazi, na nyuzi za asbesto zimewaua wake waliofua nguo za waume zao. Ukitoka eneo chafu, buti na glavu za nje huoshwa na kuvuliwa kwanza, ifuate suti, kisha barakoa, na glavu za ndani ziwe za mwisho, halafu uoge kabla ya kula au kuvuta sigara. Ulizia mahali pa kuogea na utaratibu wa ufuaji kabla ya kutia sahihi mkataba.